Pensheni ya Bibi ni Chakula cha Mjukuu

Mazungumzo yetu ya leo yanaanzia kwenye chungu cha bibi na yataishia kwenye bajeti ya serikali, kwa hiyo naomba uvumilivu wako. Kila tunapojadili afya ya watoto wadogo, midomo yetu hukimbilia chanjo, matone ya vitamini A, mizani ya kliniki na kadi ya mtoto. Yote hayo yana kazi yake na yameokoa wengi. Ila kliniki mtoto huipitia mara moja kwa mwezi, ilhali tumbo lake linadai kila baada ya saa chache, na katika nyumba nyingi za nchi hii mkono unaomlisha kati ya kliniki na kliniki ni wa bibi yake. Mama yuko shambani, au gengeni, au amekwenda mjini kutafuta kazi za ndani, au ameshatangulia mbele ya haki. Baba naye ana safari zake. Anayebaki nyumbani, anayejua nani amekula na nani amelala bila kushiba, ni mama mzee wa miaka 65 au 70. Pensheni ya wazee wasiowahi kuajiriwa huwa tunaizungumzia kama sadaka kwa watu waliochoka. Ninachodai jioni hii ni kwamba pensheni hiyo ni fungu la lishe ya watoto, na inastahili kupangwa na kutetewa hivyo.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi huiona nyepesi kwa kuwa hailipwi. Chukua Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera, ambako mlo wa kila siku ni ndizi na maharage. Maharage hulowekwa tangu jana yake, kwa sababu maharage makavu hula kuni nyingi. Ndizi humenywa kwa kisu moja baada ya nyingine, utomvu ukiganda vidoleni, kisha hupikwa pamoja na maharage yaliyokwisha kulainika, na kufunikwa kwa majani ya mgomba ili mvuke usipotee. Kabla ya hapo kuna maji ya kuteka na kuni za kutafuta. Baada yake kuna vyombo. Lakini kazi kubwa kuliko zote, ambayo mgeni akipita haioni, ni kugawa. Watoto watano wakizunguka sinia moja, wa miaka 12 anakula haraka na wa miaka miwili anakula polepole, tena akiona kuku anapita anasahau kama alikuwa na njaa. Mdogo huyo akiachwa ashindane na wakubwa, atanyanyuka akiwa amekula matonge manne. Bibi ndiye anayemtengea kibakuli chake, anayempondea maharage, anayemwita tena saa kumi jioni wakati wenzake wako mchezoni. Wataalamu wa lishe wanasema jambo hilo hilo kwa lugha yao: tumbo la mtoto ni dogo, na vyakula vyetu vikuu, yaani ndizi, ugali, muhogo na viazi, hujaza tumbo upesi bila kutoa nguvu ya kutosha. Maziwa ya mama peke yake hayatoshi tena baada ya miezi sita. Kwa hiyo mtoto lazima ale mara nyingi, kidogo kidogo, na ndani ya chakula hicho kiwemo kitu chenye mafuta au cha kujenga mwili, kama karanga, dagaa au yai. Kulisha kwa namna hiyo kunahitaji mtu aliyepo nyumbani, mwenye subira na mwenye jicho la kuona.

Mahali panapoliwa mahindi na karanga, jicho hilo lina kazi nyingine, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ni suala la uhai. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu unaoota kwenye nafaka na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Sumu hiyo haitoki kwa kupika. Kati ya njia zinazopendekezwa kuipunguza nyumbani, mojawapo ni kuchambua kwa mkono: kutoa punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zilizosinyaa, zilizotobolewa na wadudu. Sasa niambie, msikilizaji, ni nani katika nyumba zetu anayekaa na ungo mapajani asubuhi nzima akipepeta na kuchambua? Kijana hana muda huo, na mashine ya kusaga hupokea chochote inachopewa. Bibi anafanya kazi ya ukaguzi wa chakula ambayo serikali haina askari wa kutosha kuifanya mlango kwa mlango, na anaifanya bila kujua kwamba ina jina kubwa.

Pengine utasema haya ni maneno ya kumpamba bibi, kwamba kila mtu anampenda bibi yake na upendo si ushahidi. Ni sawa, twende kwenye ushahidi, na ulio maarufu kuliko wote umetoka hapa hapa Tanzania. Pembezoni mwa Ziwa Eyasi wanaishi Wahadzabe, ambao wengi wao kwa muda mrefu waliishi kwa kuwinda, kurina asali, kuchuma matunda pori na kuchimba mizizi. Katika miaka ya 1980 watafiti Kristen Hawkes, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa nao wakipima nani anatafuta chakula kwa saa ngapi, na watoto wanaongezeka uzito kiasi gani. Waliona wanawake wazee, waliokwisha kukoma kuzaa, wakichimba mizizi kwa muda mrefu kuliko hata wasichana wenye nguvu. Kisha wakaona jambo lililobadili fikra za wanasayansi wengi: mama akiwa na mtoto mmoja, uzito wa mtoto huyo ulifuata bidii ya mama, lakini mama akijifungua tena na kubanwa na kichanga, uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa ulianza kufuata bidii ya bibi. Bibi akichimba zaidi, mjukuu ananenepa. Kutokana na hapo Hawkes na wenzake wakajenga nadharia kwamba mwanamke binadamu huishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu, tangu enzi za kale, mabibi waliolisha wajukuu ndio ambao vizazi vyao vilidumu. Wapo wanasayansi wanaoipinga nadharia hiyo kwa upande wa asili ya binadamu, na ubishi wao unaendelea. Mimi hainihusu sana tulikotoka. Kinachonihusu ni kile walichokipima kwenye mizani.

Utaniambia tena kwamba Wahadzabe ni wachache na maisha yao si ya wakulima. Basi nenda Gambia. Huko daktari Mwingereza Ian McGregor aliweka kumbukumbu za uzito, urefu, vizazi na vifo vya watoto katika vijiji vya wakulima kuanzia mwaka 1950 hadi miaka ya 1970. Rebecca Sear na Ruth Mace walipozichambua kumbukumbu hizo, na kuchapisha matokeo mwaka 2000, waligundua kwamba mtoto mwenye bibi mzaa mama aliye hai alikuwa na afya bora na nafasi kubwa zaidi ya kuvuka miaka ya utotoni. Kwa bibi mzaa baba hawakuona faida ya namna hiyo. Silifichi hilo, kwa sababu linatufundisha kwamba ubibi peke yake hauna miujiza. Kinacholeta tofauti ni kazi inayofanyika, ukaribu na mama wa mtoto, na uwezo alio nao bibi wa kuifanya kazi yenyewe.

Na hapo ndipo tunapofika kwenye fedha. Tanzania ilitambua wagonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1983 huko Kagera, na miaka iliyofuata ilizikausha nyumba za mkoa ule kwa kuchukua watu wa umri wa kufanya kazi. Wakabaki wazee na wajukuu. Mwaka 2003 ukaanza huko Muleba mradi uitwao Kwa Wazee, ambao uliwapa wazee masikini, wengi wao wanawake, fedha kidogo kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya wajukuu waliokuwa wakiwalea. Tathmini ya mradi huo iliyotoka mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja vitu vitatu: chumvi, sabuni na viatu vya shule. Navipenda vitu hivyo vitatu kwa sababu vinaeleza tatizo zima la bibi wa kijijini. Ana kibanja cha migomba, maharage anapanda, mikono anayo, na maarifa hayajampotea. Asichoweza kukiotesha kwenye kibanja ni hivyo vitatu. Kila kimoja kinataka shilingi, na kila kimoja kina uhusiano na chakula kuliko mtu anavyodhani. Chumvi iliyotiwa madini joto hulinda ubongo wa mtoto anayekua. Sabuni hukinga kuhara, na mtoto anayehara kila mara hafaidi anachokula hata kikiwa kingi. Viatu humkinga na minyoo ya safura, inayoingia kwa kutoboa ngozi ya nyayo na kunyonya damu ya mtoto ambaye pengine hana ya kutosha. Mama mzee huyu anakosa kitu kidogo mno, na kidogo hicho ndicho kinachokamilisha jasho lake lote.

Bila hicho kidogo, bibi hutoka kukitafuta kwa njia inayomuumiza mjukuu. Huuza maharage wakati wa mavuno, bei ikiwa chini, ili apate pesa ya daftari, na miezi mitatu baadaye sufuria lina ndizi tupu. Huuza mayai yote na nyumbani lisibaki hata moja. Huenda kulima kibarua shamba la jirani, na saa hizo za kibarua ni saa ambazo mtoto wa miaka miwili ameachwa na dada yake wa miaka saba. Mnyauko wa bakteria wa migomba, uliobainika Muleba mwaka 2006, uliwakuta wazee kama hawa wakiwa hawana akiba ya kununulia hata debe la unga. Mwenye mshahara alitikisika. Asiye na mshahara alipunguza milo.

Sasa yaje mapingamizi. La kwanza ni la watu wanaosema pesa ikifika mikononi mwa mzee itanyang'anywa na vijana wa nyumbani, au itaishia kwenye mambo mengine. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu wazee wanaonyang'anywa wapo. Lakini swali la pesa ya pensheni inaishia wapi limeshapimwa, na jibu limetoka Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, ubaguzi wa rangi ukielekea ukingoni, pensheni ya wazee ya nchi ile ilipanuliwa ili wazee Waafrika walipwe sawa na wazungu. Mwanauchumi Esther Duflo, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2019, alichunguza miili ya watoto waliokuwa wakiishi na wazee hao, na akachapisha matokeo yake mwaka 2003. Pesa ilipoingia mikononi mwa bibi, wajukuu wa kike waliongezeka uzito na kimo. Ilipoingia mikononi mwa babu, mabadiliko kama hayo hayakuonekana. Simsemi babu kwa ubaya, kwani wapo mababu wanaolea kwa mikono yao miwili. Nasema tu kwamba aliye karibu na jiko anajua kinachopungua jikoni, na akipata pesa huanza na hicho.

Pingamizi la pili ni zito zaidi na ningependa tulipe heshima yake. Kuna wauguzi na maofisa lishe wanaosema kwamba mabibi ndio wanaowapa vichanga maji na uji kabla ya miezi sita, ndio wanaowakataza wajawazito mayai, na ndio wanaoamini kwamba mtoto akishiba ugali amekula. Ni kweli haya hutokea. Tena takwimu za nchi hazitubembelezi: Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoani Iringa, ambako ghala halina njaa, waliodumaa ni zaidi ya nusu. Chakula kipo, mabibi wapo, na watoto hawakui inavyotakiwa. Lakini tujiulize sisi wenyewe tumefanya nini na elimu tuliyo nayo. Tumewaita mama vijana kliniki, tumewafundisha, tukawarudisha nyumbani kwa mama mkwe ambaye hakuna aliyewahi kumweleza kitu, kisha tunashangaa binti anapofuata neno la mwenye nyumba. Huko Senegal mtafiti Judi Aubel na wenzake walifanya kinyume. Waliwakalisha mabibi wa vijijini kwa nyimbo, hadithi na majadiliano, wakiwaheshimu kama wenye mamlaka ya malezi, na kuwapa maarifa mapya ya kuongeza kwenye ya zamani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha mabibi wakibadilika katika ushauri wao, na kina mama wa vijiji hivyo wakifuata maelekezo ya unyonyeshaji na ulishaji kuliko wa vijiji ambako mabibi hawakushirikishwa. Ukaidi ule tuliomsingizia mzee, sehemu kubwa ulikuwa ni kutoambiwa.

Wapo pia wanaosema mtoto wa kulelewa na bibi hudeka. Huenda. Kudeka kunarekebishika, kudumaa kukishapita miaka miwili ya kwanza ni vigumu mno kukurudisha nyuma.

Pingamizi la tatu linasemwa kwa sauti ya uchungu, na mara nyingi husemwa na wazee wenyewe: bibi huyu ana watoto aliowazaa, kwa nini serikali ibebe wajibu wao? Nakubali kwamba mtoto aliyelelewa ana deni kwa mzazi wake, na hakuna pensheni inayolifuta. Lakini tazama jinsi deni hilo linavyolipwa. Kijana aliye Mwanza au Dar es Salaam anauza maji au anaendesha bodaboda, na kipato chake chenyewe hakina tarehe. Mwezi huu anatuma 30,000 kwa simu, miezi miwili inayofuata hatumi kitu, kisha analeta mfuko wa mchele wakati wa sikukuu. Msaada wa namna hiyo unapokewa kwa baraka, ila haupangiki. Mlo wa mtoto unapangwa kwa pesa inayojulikana itaingia lini. Bibi akiwa na hakika ya tarehe, muuza duka humkopesha dagaa na mafuta katikati ya mwezi bila wasiwasi. Asipokuwa na hakika, hukopa kwa aibu au haendi kabisa. Na wapo ambao watoto wao wamelala makaburini nyuma ya nyumba. Hao tuwaambie wadai kwa nani?

Halafu kuna hoja ya kwamba nchi haina uwezo. Wazee waliofanya kazi za ajira wanalipwa na NSSF na PSSSF, na bibi aliyelima kwa miaka 50 hana mfuko aliouchangia, ingawa pamba na kahawa vilivyoendesha nchi hii vilipita mikononi mwake. TASAF inazifikia kaya masikini, na imesaidia wengi, lakini inachagua, na uchaguzi daima huacha mtu nje. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016 kumlipa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe alikuwa karani au mvuvi, shilingi 20,000 kwa mwezi. Kenya kupitia Inua Jamii ilianza mwaka 2018 kuwapa waliofikisha miaka 70 na wasio na pensheni nyingine shilingi 2,000 za Kenya, japo malalamiko ya kuchelewa kwa malipo yamekuwa mengi, na kuchelewa huko kunaharibu sehemu nzuri kuliko zote ya mpango, ambayo ni uhakika. Lesotho, nchi ndogo isiyo na mali nyingi, imekuwa ikilipa tangu mwaka 2004. Hakuna kati ya hizo iliyosubiri kutajirika. Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, na katika miaka yote hiyo bibi wa Muleba, wa Kondoa na wa Makete bado hana malipo anayoweza kuyaita yake kwa haki. Anayetaka kuanza na wachache aanze na wa miaka 70 na kuendelea, kisha ashushe umri kadiri mapato yanavyoruhusu. Muhimu ni kwamba kila aliyefikisha umri alipwe, na alipwe tarehe ile ile.

Kuna jambo moja ambalo sipendi mazungumzo haya yalifunike. Tukisifu kazi ya bibi tunaweza kujikuta tunaigeuza kuwa mzigo wa lazima, kana kwamba mwanamke aliyelea watoto wake anapaswa kuanza upya akiwa na magoti yanayouma. Bibi ana haki ya kuchoka. Ana haki ya kukaa bila mtoto mgongoni. Ana haki pia ya kutovuta moshi wa kuni kila siku hadi macho yake yaharibike. Serikali imejiwekea lengo la asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na mitungi ya gesi imegawiwa sehemu nyingi. Mtungi wa kwanza ukiisha, bibi asiye na kipato hurudi kwenye mafiga. Hata hapo, tatizo ni lile lile la shilingi chache zenye uhakika. Pensheni inampa nafasi ya kuchagua: kununua gesi, kumlipa kijana apasue kuni, kununua unga uliokwisha kusagwa, kulala mchana. Mjukuu naye anafaidi kwa sababu anayemlea hajachakaa.

Kwa hiyo, msikilizaji, nina maombi matatu. Waheshimiwa wabunge, bajeti ikija tena mezani, pensheni ya wazee wote iulizwe chini ya fungu la lishe ya watoto, na waziri ajibu hapo. Wauguzi wa kliniki, kina mama wakija na watoto wao mwezi ujao, waambieni waje na bibi, na mumpe kiti cha mbele. Na wewe uliye mjini, ambaye mwanao yuko kwa mama yako, chagua tarehe moja ya mwezi, mwambie mama yako ni ipi, na usiipitishe, hata kama unachotuma ni 10,000.